Aliyelipiga Picha Gari Langu

Huwei, Yunlin
Tarehe 12 Machi

Dada yangu mpendwa Su-yueh,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani, ambako baridi imekwisha na mbu wameshaanza kutembeleana. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo tabia zake unazijua. Wasiwasi wangu ni juu yenu. Shemeji anaendeleaje na kifua? Bado analala ameketi, au siku hizi anaweza kulala chali kama watu wengine? Na ile mashine ya kumsaidia kupumua, mmezizoea kelele zake? Msalimie mwanao na mkewe, na umwambie huyo mkamwana apunguze sukari kwenye mchuzi, maana watu wa Tainan najua hata samaki wanampika kama keki.

Nyumba yenu ni salama. Ufunguo ninao, maua nayamwagilia, na barua zenu nimezipanga juu ya meza ya chini. Mwaka mpya wetu wa Kichina ulipita bila nyinyi. Nilipika vile vile kama kila mwaka, nikaweka na bakuli zenu mezani kwa mazoea, kisha nikaziondoa. Mliondoka kwa haraka mno, Dada. Ulisema mnakwenda kubadili hewa kwa muda, nami nikasema vyema, nikawafungia kabichi mbili za njiani. Sasa ni miezi miwili. Umenipigia simu mara mbili tu, na mara zote mbili ulisema chakula kinaungua jikoni.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Barua haina chakula cha kuungua. Nakuomba unisome mpaka mwisho, hata kama utanikasirikia katikati.

Jumatano ya tarehe kumi na nane Februari nilikuwa napanga kabichi nyuma ya gari, tarishi akasimamisha pikipiki yake akaniambia nilete muhuri wangu wa jina nigonge kupokea, kwa kuwa ile barua ilikuwa ya serikali. Nilidhani ni mambo ya bima. Kumbe imetoka ofisi ya mazingira. Ndani yake mlikuwa na picha ya gari langu la bluu, namba inasomeka hata bila miwani, na nyuma yake wingu jeusi limemeza nusu ya kichochoro. Waliandika kwamba raia mwema ameripoti gari langu kutoa moshi mweusi, tarehe 14 Januari, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na kwamba nilipeleke likapimwe kabla ya tarehe 15 Machi. Nisipolipeleka, au likipimwa likashindwa, kibao cha namba kitang'olewa.

Raia mwema! Neno hilo nililisoma mara tatu. Jina lake halikuwapo, maana wanaoripoti magari ya ngisi, yale yanayotema moshi kama wino, hufichwa, na juu ya kufichwa hupewa zawadi. Wewe unajua gari hili ni nini kwangu. Tangu marehemu mume wangu aniache, gari ndilo duka langu, ndilo miguu yangu, na ndilo linalonifanya niamke. Likitolewa namba nitakaa nyumbani nikipiga gumzo na goti. Na mtu aliyetaka yanifike hayo anaishi humu humu, katika nyumba kumi na mbili za kichochoro chetu, ananunua matembele yangu na kunisalimu asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha niliikunja, nikaiweka chini ya kiti cha dereva, nikaanza kuwachunguza watu.

Silaha yangu ilikuwa vitunguu majani. Tangu siku ya kwanza ya kuuza mboga sijamwacha mteja aondoke bila kumtilia vitunguu majani vya bure kwenye mfuko, na hakuna muuza mboga wa huku anayefanya vinginevyo. Basi niliamua kwamba yeyote ninayemshuku hapati hata ujani. Sikumwambia mtu. Lakini baada ya siku mbili kichochoro kizima kilikuwa kinachungulia mifuko ya wenzao, kujua nani amepata na nani amekosa.

Wa kwanza kukosa alikuwa Mama Liao, yule fundi cherehani. Anashona mashati meupe ya wanafunzi na kuyaanika nje, na nilishawahi kumwona akiyapigapiga kwa kiganja gari langu linapopita. Siku ya nne alifungua mfuko mbele yangu, akauliza amenikosea nini, au vitunguu vimepanda ndege. Nikamwambia kwamba vitunguu vya bure ni vya watu wenye mikono mitupu, siyo wenye mikono iliyojaa simu za kupigia picha magari ya wenzao. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikamwishia.

Akasema, "Wewe Su-chin, mimi nikitaka kukushtaki nakuja na ufagio mlangoni kwako, watu wote wasikie. Mwaka mzima nafua mashati mara mbili mbili kwa ajili ya hilo jiko lako lenye magurudumu. Nimekwambia mara ngapi? Na wewe unanijibu nini? Eti dizeli ya siku hizi mbovu!" Nikamwambia kwamba kweli ni mbovu. Akanijibu, "Haya, na magari ya wenzako yanakunywa chai?" Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, hata mkwe wake ambaye huwa hacheki. Niliwasha kipaza sauti cha kutangazia mboga nikaondoka. Sikumwamini. Nilijiambia kwamba anayepiga kelele namna ile ana jambo anataka kulifunika.

Wa pili alikuwa Mwalimu Hsu. Tangu astaafu kufundisha hesabu anashinda ukingoni mwa mfereji na kamera yenye mdomo mrefu kama bomba, akisubiri ndege. Mtu mwenye kamera, mwenye muda, na aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine: wewe ungemshuku nani? Nilimnyima vitunguu kwa wiki nzima, naye akaendelea kununua na kushukuru. Hilo likazidi kunitia shaka. Mwishowe nilimfuata mferejini nikamwonyesha barua na kumtaka anieleze.

Hakukasirika. Alinionyesha picha zake zote, mamia ya korongo, korongo amesimama, korongo amekula, korongo amechoka. Katika mojawapo gari langu lilikuwa linapita nyuma, na yule ndege ndiyo kwanza anaruka kuukimbia moshi. Alisema picha hiyo anayo tangu mwaka juzi na hakuipeleka popote, ila ilimuuma kidogo kwa sababu ya korongo. Kisha akavaa miwani akaichunguza picha ya serikali kama mtihani wa mtoto. Akasema imepigwa kutoka juu, si kutoka chini, tena kutoka nyuma ya gari, na kwamba upande ule nyumba zenye roshani ni mbili tu, ya Mama Liao na ya…

Aliitazama tarehe, akanitazama mimi, akaikunja karatasi vizuri akanirudishia. Alisema, "Mama, mimi nakushauri uliache. Lipeleke gari kwa fundi, basi." Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, na Mwalimu Hsu chai yake hamgawii mtu. Niliinywa kwa hasira. Nikarudi nikitangaza moyoni kwamba roshani ni mbili, moja imefungwa na wenyewe wako Tainan, kwa hiyo ni Mama Liao. Nilijifanya nimesahau kwamba tarehe 14 Januari haikuwa imefungwa bado.

Nilikwenda hata kwa Mungu wa Ardhi, pale hekaluni mwisho wa kichochoro. Nilimpelekea machungwa matano, nikachukua vile vipande viwili vya mti vya kurusha chini kumwuliza mungu, nikamweleza shida yangu na kumtajia majina moja moja. Nilipouliza kama ni Mama Liao, vipande vilianguka migongo juu vyote viwili: siye. Nilipomtaja Mwalimu Hsu, hivyo hivyo. Nilipomtaja Fundi Tsai wa gereji, vilianguka matumbo juu vyote, yaani mungu ananicheka. Nikarudia, akanicheka tena. Mlinzi wa hekalu alikuwa anafagia majivu, akasema bila kuniangalia kwamba mungu huwa anacheka mtu akimuuliza lile analolijua. Nikamwambia afagie majivu yake. Machungwa niliyachukua yote, hata lile ambalo kwa kawaida namwachia.

Basi akabaki Tsai. Nilimkuta chini ya gari la mtu, miguu tu nje. Nilianza kwa kumlaumu juu ya kile kipakiti cha kijani cha vitafunwa alichonifungia karibu na usukani kama hirizi, ili mashine itulie, maana nilikuwa nimegundua muda wake wa kuliwa ulipita tangu Desemba. Alijivuta nje, uso mweusi tii, akaniuliza, "Kipakiti kimeisha muda, sawa. Na akili yako nayo iliisha lini?" Nikamwambia asinipandishe hasira, kwamba mafundi wengine huripoti wateja wao wenyewe ili wapate kazi ya kutengeneza. Hapo ndipo aliponyanyuka. Aliniuliza kama mtu mwenye akili timamu anaweza kwenda kushtaki kazi ya mikono yake mwenyewe. "Nani alilikata lile chujio? Mimi. Nani aliniambia nilikate? Nenda ukajishtaki hukohuko."

Dada, hapa ndipo nilipofika mwisho wa kuwashuku watu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa nyumba kumi na mbili. Sasa nikuambie.

Katikati ya bomba la moshi la gari langu kuna chujio kubwa la kunasa masizi. Masizi yakijaa, gari huyachoma lenyewe, lakini sharti likimbie barabara kubwa injini ipate moto hasa. Langu halikimbii. Linatambaa mlango hadi mlango, linasimama hapa dakika kumi watu wachague nyanya, linasimama pale dakika kumi wasimulie habari za wakwe zao. Chujio likaziba. Majira ya baridi ya mwaka juzi Tsai aliniambia nichague moja: ninunue jipya, au kila wiki nilipeleke gari barabara kuu kwa saa nzima, bila kusimama. Nilimwambia mimi si dereva wa teksi wa kuendesha saa nzima bila abiria. Nikamwambia alikate, alitoe matumbo, kisha alichomelee tena likiwa tupu, ili mkaguzi akiinama aone kopo limekaa mahali pake. Tsai alisita. Alinionya kwamba moshi utatoka kama ulivyo. Na mimi, Dada, nilimjibu maneno haya haya: "Moshi unapanda juu, Tsai. Watu tuko chini."

Mimi najua kitanda cha Shemeji kiko wapi. Nilisaidia kukipandisha ngazi mwenyewe, tukakiweka karibu na dirisha ili apate hewa.

Kila asubuhi nawasha gari saa kumi na mbili, naliacha lingurume huku napakia, mkia wake umeelekea mlango wenu. Hiyo ni zaidi ya nusu saa. Nilikuwa nasikia dirisha linafungwa. Nilikuwa nasikia kikohozi. Nikajiambia anakohoa kwa sababu ni mgonjwa, na dirisha mnafunga kwa sababu ya baridi. Lilipofika joto mkaendelea kulifunga, nikajiambia ni mbu. Na njiani, kila nilipokanyaga mafuta, wingu lilikuwa linajaa kwenye kioo cha pembeni, hivyo nilikigeuza kioo mpaka kikawa kinaonyesha uso wangu. Miezi mingapi nimeendesha nikijitazama mwenyewe? Mungu ananijua.

Siku moja mwezi wa Desemba ulishuka na bakuli la uji wa wali ukanipa. Ukasimama kando ya gari umevaa ndala za Shemeji, ukaniuliza kama gari ni zima. Nikasema zima, ila dizeli ya siku hizi mbovu. Ulisimama kidogo, ukasema haya, ninywe uji usipoe, ukarudi juu. Mama alitulea hivyo, neno chungu tulimeze na wali, na wewe ulikuwa mwanafunzi wake bora. Sasa naelewa kwamba pale ulikuwa unapiga kelele kadiri ulivyoweza. Nami nikanywa uji.

Na picha ile, Dada. Chini kabisa, pembeni kushoto, pana kipande cha ungo wenye figili zilizoanikwa, na ukingo wa ungo umeshonwa kwa waya mwekundu. Waya ule niliushona mimi, mwaka aliokufa Mama, tulipogawana vyombo vyake. Niliuona siku ile ile ya Jumatano, tarishi hajafika hata kwenye kona. Sikuhitaji Mwalimu Hsu wala Mungu wa Ardhi. Nilimtajia mungu majina ya watu wote isipokuwa lako, kwa sababu niliogopa angekubali. Nimewashuku watu wema watatu, nimewanyima vitunguu, nimemtukana mwenye cherehani mbele ya mkwe wake, yote hayo nisije nikakushuku wewe. Maana nikikushuku wewe, lazima nijiulize kwa nini mtu mpole kama wewe alisimama katikati ya baridi, kwenye roshani, na simu mkononi, siku mbili kabla ya kuhama nyumba yake.

Usinione malaika. Nilikasirika sana. Nililia kwa hasira juu ya usukani. Nilisema dada yangu wa damu amekwenda kwa watu baki kunishtaki, wakati mlango wangu uko hatua nane kutoka kwake. Nilikasirika zaidi nilipokumbuka zile kabichi mbili, na jinsi ulivyozipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hasira hiyo bado ipo kidogo, siifichi. Lakini kila nikiishika vizuri naona makali yake yako upande wangu.

Tsai ametia chujio jipya. Juzi gari limepimwa na kushinda. Mpimaji aliweka kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba, kikatoka cheupe, akaniuliza kama gari ni la mtu mwingine. Kioo cha pembeni nimekigeuza mahali pake. Siku hizi napakia kwanza, kisha ndiyo nawasha, tena barabarani kule nje, siyo chini ya madirisha ya watu. Mama Liao nilimpelekea vitunguu majani vya wiki zote alizokosa, fungu kubwa kama mtoto mchanga. Alivihesabu mbele yangu, akasema vimepungua viwili, kisha akanipa kiti. Mwalimu Hsu alipokea vyake akashukuru vile vile kama alipokuwa hapati. Mungu wa Ardhi nimemrudishia machungwa yake.

Tsai amesisitiza kwamba hili chujio jipya nalo litaziba nisipolikimbiza. Kila wiki saa nzima, barabara kuu, bila kusimama. Nimetazama ramani. Kutoka hapa hadi kwenu ni saa moja na kidogo, na Jumatatu siuzi mboga.

Basi Jumatatu hii nitakuja, na nyingine, na nyingine. Nitakuletea ungo wako na figili zako, zimekauka vizuri sana, hazijaota ukungu hata moja. Sitapiga hodi. Nitasimama chini ya dirisha lenu na injini nitaiacha inanguruma, nawe utoe kichwa uangalie nyuma ya gari kwa macho yako mwenyewe kabla hujanifungulia. Ukiona kweupe, mwulize Shemeji kama anataka kurudi kulala kwenye dirisha lake. Ukiona moshi, iache simu mezani, Dada. Pigia kelele. Niite Bata, kama ulivyoniita siku nilipotumbukia mferejini na kiatu chako, kwa sauti ile ile, mtaa mzima wa Tainan usikie.

Safari hii nitakusikia.

Mshike Shemeji mkono kwa niaba yangu, na umwambie nimeuliza habari za pumzi zake kabla ya habari nyingine yoyote. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, hatua nane kutoka mlangoni kwako,

Su-chin